Ulimi wa Baba

Kitongoji cha Rach Sung,
siku ya tisa, mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda yetu

Kwako Kaka Thuan,

Pokea salamu zangu kutoka huku bondeni, mimi mdogo wako Mien, na zikukute mzima wewe, wifi yangu na watoto wote wawili. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Nasikia baridi ya huko milimani mwezi huu inawalaza watu na soksi. Wewe uliyekuwa ukilala kifua wazi hata mvua inyeshe vipi, ningelipa nauli nije nikuone na soksi nicheke kidogo, maana kucheka kumekuwa adimu huku. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mwanangu Diep ameng'oka meno mawili ya mbele na kila mtu anamwita bibi. Mume wangu Khiem anakusalimu. Mama mkwe wangu, Mama Chin, naye yupo, na habari zake utazikuta mbele.

Najua utashangaa kupata barua, kwani siku hizi nani anaandika? Lakini kwenye simu kila nikilitaja jina la baba unaniambia mtandao mbaya, kisha simu inakatika. Mtandao wa huko una akili sana kaka, unalijua neno la kukatikia. Basi nimeona niandike, karatasi haikatiki. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama utafika katikati ukaona huwezi kunivumilia.

Nianze na habari za nyumbani. Bamvua la mwezi wa kumi mwaka huu lilivuka tuta. Zamani, utakumbuka, maji yalikuwa yakija mpaka kizingiti cha jikoni, yanachungulia na kurudi. Safari hii yaliingia na kukaa siku nne, yakijaa na kupwa mle ndani kama yana funguo za nyumba. Jiko tulilipandisha mezani, kuku tukawapandisha juu ya kabati, na picha ya marehemu mama na mabakuli ya ubani tukavihamishia darini. Diep alivua samaki watatu chumbani kwake na kuomba mafuriko yasiishe. Maji yalipoondoka, mibalungi minne ya nyuma ya nyumba ilikuwa imeoza mizizi. Na chumvi ambayo zamani ilikuwa ikiupanda mto baada ya Tet ya mwaka mpya, tena kwa miaka ya kuhesabu, siku hizi haingoji tena sikukuu. Wiki iliyopita imeshafika hapa kwetu.

Halafu kuna habari ya kisima. Hicho hukukikuta. Ulipoondoka, watu wote wa kitongoji walichimba visima vya bomba, mita tisini kwenda chini, kwa kuwa mto ulikuwa umetutisha. Maji yake yalinuka kutu lakini yalikuwa matamu, tukamwagilia, tukafua, tukafugia nguruwe. Sasa bomba la kisima chetu limeota. Siku lilipowekwa lilikuwa sawasawa na sakafu ya saruji, leo limechomoza shibiri nzima na saruji imepasuka pembeni yake. Khiem alidhani kuna kitu chini kinalisukuma. Bwana shamba akaja, akalitazama, akasema bomba halijapanda popote, ni ardhi iliyoshuka, kwa sababu tumeyanyonya maji yaliyokuwa yameibeba. Mama Chin akasema haya basi, bahari inapanda na sisi tunashuka, tutakutana njiani tusalimiane. Watu walicheka, lakini jioni ile hakuna aliyewasha pampu.

Aliyejua wa kwanza kwamba kisima kimeingia chumvi alikuwa baba. Ilikuwa mwaka juzi. Alipewa chai nyumbani kwa Mama Chin, akaishika kinywani, akaiweka chini, akasema polepole kwamba kisima hiki kimeanza kuharibika, wasiipe miche maji yake. Mama Chin akamjibu mbele ya wageni: "Mzee Tam, ulimi wako si ndio uliotuulia bustani? Uache upumzike." Baba akatabasamu, akamaliza chai. Miezi miwili baadaye bwana shamba akaja na kipimo chake, kikasema yale yale. Hakuna aliyemwendea baba kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Mimi nilikuwepo siku zote mbili, na siku zote mbili nilikuwa napakua chakula.

Sasa naliandika lile ambalo simu imelikataa mara tatu. Mwezi wa nane baba alianguka karibu na makasiki ya maji ya mvua. Ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yamekwenda. Anasikia kila kitu, anatambua watu wote, anakasirika kama zamani nikichelewa, lakini mdomoni hakitoki kitu ila sauti moja tu kama ya mtu anayetaka kukohoa. Daktari alituambia tusitarajie yarudi. Ninakwenda kwake alfajiri na jioni, namwosha, namgeuza, namlisha uji kwa kijiko. Amekuwa mwepesi kaka. Namwinua peke yangu.

Haya, turudi mwaka ule. Najua hutaki, lakini bila kuupitia sitafika ninakokwenda.

Ulikuwa na midoriani mia moja na sitini, miaka mitano uliilea, na ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Ulijua majina yake. Usikatae, nilikusikia ukiongea nayo. Chumvi ikapanda mto kuliko mwaka wowote tulioujua. Mitaro ya bustani tukaifunga, ikakauka mpaka kambare wakalala matopeni. Ukachukua boti na mfuko mkubwa wa turubai ukaenda juu ya mto kutafuta maji matamu, siku nne. Uliporudi ukakuta mitaro imejaa maji na baba amekaa ukingoni. Siku ya kumi majani yakaungua pembeni, siku ya ishirini maua yote yalikuwa chini, na kufika mwezi wa tatu ulikuwa unakata kuni. Baba alikwambia ni yeye aliyeonja mto akaona ni mtamu, akawasha pampu. Na bustani ya Mama Chin, ambaye aliwasha ya kwake aliposikia ya kwetu, ikafa vilevile.

Siku ulipoondoka ulisimama pale kwenye daraja la mti mmoja, begi begani, ukamwambia: "Baba, ulimi wako umekufa kabla yako." Labda umesahau. Maneno ya hasira aliyeyasema huyasahau. Baba aliyachukua akaingia nayo ndani.

Wewe uliondoka, hukuona yaliyofuata, basi nikusimulie. Unakumbuka alivyokuwa mzee yule msimu wa chumvi. Watu walikuwa wakipitisha boti kutoka vijito vitatu kuja kumuuliza kama wamwagilie au wangoje. Alikuwa akila tangu jana yake usiku chakula kisicho na chumvi hata chembe, asubuhi uji mweupe mtupu, wala hasogelei mchuzi wa samaki, ndipo anashuka maji yanapomaliza kupwa, anachota kwa kiganja, anayaweka chini ya ulimi, anafumba macho. Akitema upande wa kulia, watu wanawasha pampu; akitema wa kushoto, wanangoja. Tulikuwa tukimcheka, tukimwita bwana mkubwa wa idara ya mate. Baada ya bustani zile kufa, hakuna boti iliyosimama tena kwenye ngazi yetu ya mtoni. Si kwamba walimtukana. Walimsalimu vizuri, wakapita. Baadaye vikaja vipimo vya betri, na vijana wadogo wakawa wanamtania, wanamwambia, "Babu, hii haili samaki ng'onda." Alikuwa akicheka nao. Miaka tisa kaka, hakuna mtu aliyemuuliza kitu chochote kuhusu maji.

Kaka Thuan, baba hakuonja maji siku ile. Niliyaonja mimi.

Baba alikuwa na homa tangu usiku, anatetemeka ndani ya blanketi mbili. Midoriani yako ilikuwa imeanza kukunja majani, na wewe hukuwa umerudi. Akaniita, akaniambia wewe Mien nimekufundisha, nenda maji yakimaliza kupwa, onja, uje uniambie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa ndiyo kwanza natoka kwa Mama Chin kupitia uani, ambako sikutakiwa kuwa, kwa sababu wazee walikuwa bado hawajaleta tambuu za posa. Khiem alikuwa amechoma ng'onda, tukala na embe bichi, vipande vingapi hata sikumbuki, tukiwa tunachekeana tu kama wapumbavu. Mdomo wangu wote ulikuwa chumvi.

Baba aliniuliza. Hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Aliinua kichwa kwenye mto akaniuliza: "Umekula nini leo?" Nikamwambia sijala kitu. Niliona haya tu kaka, haya ya msichana aliyekuwa mahali asipotakiwa. Nikashuka, nikachota, nikaweka chini ya ulimi kama alivyonifundisha, nikafumba macho kabisa kwa mbwembwe. Yalikuwa matamu. Ulimi uliotoka kwenye ng'onda hauijui chumvi ya mto. Nikarudi nikasema ni matamu, naye akaniambia basi washa. Niliivuta kamba ya pampu kwa mkono wangu huu unaokuandikia.

Baba aligundua kabla ya majani. Siku ya tatu homa ilipomwachia alishuka mtaroni, akachovya kidole, akaonja. Akarudi, akakaa karibu yangu nilipokuwa namenya vitunguu, akasema neno moja tu, ng'onda. Hakuuliza. Nikaanza kulia. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza, halafu akaniambia aliyeonja ni yeye. Nikataka kusema, akanikatiza, akasema tambuu zinaletwa mwisho wa mwezi, na miti ya mama mkwe wako itakufa pamoja na ya kaka yako, sasa wewe unataka uingie nyumba ile ukiwa nani? Akasema yeye ni mzee, jina lake limeshafanya kazi, langu ndiyo kwanza linaanza maisha. Nikakubali. Sitakudanganya kwamba nilikataa sana. Nilikubali upesi, na usiku ule nikalala.

Mwaka wa pili yule bwana shamba alituambia kwenye mkutano kwamba mdoriani unauawa na chumvi ndogo mno, ndogo hata ulimi wa binadamu hauwezi kuijua. Nilimtazama baba. Nilidhani atasimama aseme, mmesikia? Kumbe hata mwenye ulimi safi angeweza kukosea. Hakusimama. Mimi nililishika neno lile la bwana shamba, nikawa najipaka kama mafuta kila nikiumwa na moyo. Lakini moyo haukubali. Baba hakuwa anaonja ili aijue chumvi peke yake. Akiwa na shaka kidogo tu alikuwa akisema tungoje, na siku ile angesema tungoje.

Umeshaanza kuuliza kwa nini nimesema leo na si jana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nangojea kifo cha baba kiniumbue, nione haya mbele ya jeneza. Kisha akanyang'anywa maneno, nikaona duniani nimebaki peke yangu mwenye kujua. Nikinyamaza mimi, basi uongo wake ndio utakuwa ukweli, utaandikwa vichwani mwenu na watoto wenu watahadithiwa huo. Nilimwambia wiki iliyopita kwamba nitakuandikia. Akauinua mkono ule wa kushoto unaofanya kazi, akaniziba mdomo. Kiganja kilinuka dawa ya kuchua. Aliniziba kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na machozi yakamtoka. Kwa hiyo ujue barua hii inakuja bila radhi yake. Nimemuasi.

Khiem nilimwambia kwanza. Akasema ng'onda alizichoma yeye. Siku tatu zilizopita nikamwambia Mama Chin, jikoni, nikiwa nimesimama. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha. Akaniuliza: "Miaka tisa unanisikiliza nikimsimanga babako, na wewe unapakua wali tu?" Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Unapakua wali tu." Tangu hapo haniiti mwanangu, ananiita Mien. Lakini jana nilipofika kwa baba nilimkuta ameshatangulia, amekaa kwenye kiti kidogo kando ya kitanda, anamkata kucha. Hawakuwa wakitazamana. Nikarudi nje, nikasingizia kuni.

Limebaki moja, na hili sijamwambia mtu. Nilipoanza kumlisha baba niliona ajabu. Kwa kawaida uji wangu natia chumvi kidogo na matone ya mchuzi wa samaki, anakula. Lakini zipo asubuhi anafunga mdomo kabisa, anageuza uso ukutani, hata nimbembeleze vipi. Nilidhani ni ugonjwa. Nikamwita daktari, akasema ndivyo walivyo. Mwezi wa tatu wa kumlisha ndipo nilipoitazama kalenda. Ni asubuhi za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, siku ambazo chumvi hupanda. Nikampikia uji mweupe mtupu. Akaumaliza wote.

Nikamuuliza jirani wa upande wa pili, ambaye alikuwa akila naye mara kwa mara kabla hajaanguka, kama aliwahi kuona kitu. Akaniambia oh, mzee Tam huyo ana miiko yake, miaka yote siku hizo hagusi chumvi mpaka maji yapwe. Miaka yote, kaka. Baada ya wewe kuondoka, baada ya boti kuacha kusimama, baada ya vipimo. Aliendelea kuusafisha ulimi wake mara mbili kila mwezi, akakaa pale kwenye ngazi, asubuhi, kwa sababu pengine siku moja mtu angepita na kumuuliza.

Sikuombi unisamehe, hilo nitalingojea hata likichelewa. Midoriani yako siwezi kuirudisha, na wala ardhi yenyewe sijui itatuvumilia miaka mingapi. Ninachokuomba ni hiki. Bamvua lijalo ni siku ya kumi na tano. Ukipanda basi siku ya kumi na tatu utafika kwa nafasi. Nitampikia uji wake mweupe. Usije na maneno mengi, hawezi kuyajibu, na ukimwomba radhi atafadhaika, atajua nimesema. Shuka wewe mwenyewe mtoni maji yakimaliza kupwa, uchote, umletee kitandani, umtie tone moja chini ya ulimi. Kisha umuulize, kwa heshima, kama leo tumwagilie au tungoje. Mwache afumbe macho. Mngojee, hata akichukua muda mrefu, na atakavyoonyesha kwa ule mkono wake wa kushoto ndivyo tutakavyofanya, kwetu na kwa Mama Chin.

Msalimie sana wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Diep anawauliza kama milimani kuna samaki chumbani. Khiem atakungoja kituoni na pikipiki, koti la mvua analo.

Mimi mdogo wako niliyekukosea,
Mien